Kuhesabu vitwitwi kwa maji taka ya Ruai

Mimi ni mtu wa Kayole, na miaka yote hiyo nikipita Kangundo Road kwenda kuona ploti ya shemeji kule Joska, mat ikikaribia Ruai kila mtu anafunga dirisha. Sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi inaishia hapo, kwa yale mabwawa makubwa. Sasa ukiniambia siku moja nitaamka saa kumi na moja asubuhi, Jumapili, nilipe nauli niende nisimame katikati ya hiyo harufu kwa hiari yangu nikihesabu ndege, ningekucheka.

Kosa lilianza Oktoba. Kazi ilikuwa imekauka kidogo, nikajiunga na wale watu wa Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wanaokutana Jumatano asubuhi pale makumbusho, halafu mnaenda kutembea polepole mkiangalia ndege. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Arboretum, kunanyesha manyunyu, nimeazimwa darubini na sijui hata kuigeuza ione vizuri. Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu, kila mtu anamwita tu Mwalimu, akanishika mkono akanielekeza kwa mti. Kandege kadogo, kijani na manjano, hakatulii. Gramu kumi hivi, akaniambia, na huyo ametoka Ulaya akavuka Sahara.

"Mwalimu, si wako nao huku kwetu tele?"

"Wetu wanazaliwa hapa, kijana wangu. Huyu ni mgeni, Juni humwoni."

Vile nilisoma shuleni, msimu wa Ulaya wa majani kudondoka tunauita vuli, na vuli yetu ni hii ya mvua na matope, kumbe angalau ndege wanafanya hizo vuli mbili zikutane. Kuanzia hapo nikashikwa. Novemba tukaenda City Park, Desemba Karura, nikawaona keremkerem wa Ulaya, wale ndege wanaokula nyuki, wakipita juu kwa kundi, unawasikia kabla hujawaona, mlio kama filimbi yenye maji ndani.

Lakini Ruai ndio safari yenyewe, Januari, wakati wa hesabu ya ndege wa maji. Huingii hivi hivi, ruhusa inaombwa mapema. Tulifika saa mbili kasoro, gari ya mwenzetu mmoja ikazama kwa ule udongo mweusi hata hatujaona bata wa kwanza, tukasukuma watu sita, suruali zikaisha. Askari wa lango akatucheka sana halafu akatuonya tusikaribie nyasi za pembeni kwa sababu kuna viboko. Viboko, ndani ya choo cha Nairobi! Nilidhani ni mzaha mpaka nikaona masikio mawili kwa bwawa la tatu.

Harufu inakushika kama dakika kumi, halafu pua inakata tamaa.

Mimi na Mwalimu tulipewa vitwitwi, yaani wale wadogo wa kando ya maji, na hapo ndio niliona kazi ni kazi. Wote wa kahawia na wote wana haraka. Mwalimu akanifundisha mmoja mmoja. Huyu anayetingisha mkia bila kuacha, angalia bega, kuna weupe umepanda kati ya bawa na kifua, huyo ni Common Sandpiper. Yule mwenye madoadoa mgongoni na miguu ya manjano, subiri aruke, ukiona kiuno cheupe ni Wood Sandpiper. Na hivi vidogo kabisa vinavyodonoa tope kama cherehani ni Little Stint, vinazaliwa kule juu kabisa kaskazini ya Urusi na kando kando yake. Nikamtazama mmoja kwa teleskopu muda mrefu. Tope limemfika tumboni, anakula funza wa maji yetu, ananenepa tayari kwa safari ya kurudi.

Nilikuwa nimefika mia mbili na kumi na kitu, nabonyeza kile kikaunta, wakati mwewe mmoja mwembamba alipita chini chini juu ya maji, na bwawa zima likainuka. Bata wale wa mdomo kama koleo, vitwitwi, wote, kama mtu amekung'uta blanketi. Wakageuka pamoja, weupe, kahawia, weupe tena, wakatua bwawa lingine.

"Ulikuwa umefika ngapi?" Mwalimu akauliza.

Nikamwambia.

"Basi anza upya."

Tulitoka saa saba na nusu na jua limewaka. Nikadandia mat ya kurudi, nikakaa kiti cha nyuma, matope mpaka magotini. Hatujafika mbali, mama wa mbele akaanza kunusa huku na huku, akageukia konda: "Si tumeshapita mabwawa, hii harufu bado inatoka wapi?" Konda akafungua dirisha. Mimi nikaangalia nje.