Safu ya sababu

Kwa miaka saba nilikuwa karani wa mzani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mkataji analeta trei yake, napima, naandika kwenye kauntabuku: jina, kilo, saa. Pembeni nilichora safu nyingine ambayo hakuna aliyeniagiza: sababu.

Humo niliandika yale ambayo mzani hauyaoni. Kisu kimeisha makali. Samaki wadogo tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Aliyewahi kukata sangara anajua: unachoma kisu nyuma ya shavu, unateremka ukiusikiliza mfupa wa mgongo kwa ncha, ukiupoteza tu, nyama inabaki kwenye panki, yaani mifupa inayotupwa kando. Samaki wa kilo nane anakupa minofu mizito kwa mikato michache. Wa kilo mbili anadai mikato ileile kwa nyama kidogo. Ukitazama kilo za jioni peke yake, utamwita mvivu mtu aliyehenyeka kutwa nzima.

Mwaka juzi wakaleta mzani wenye skrini. Mkataji anagusisha kadi, kilo zinaingia zenyewe, na mwisho wa wiki majina ya chini yanatoka kwa rangi nyekundu. Sikuuchukia. Ugomvi wa "umeniibia kilo" uliisha palepale, na kwa kibarua anayelipwa kwa kilo hilo si jambo dogo. Ila safu yangu haikuwamo.

Wiki ya tatu likatoka jina la dada mmoja, mkataji hodari kuliko wote niliowahi kuwapimia. Alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Mdogo wake alikuwa akimleta mtoto getini mara mbili kwa siku. Mama anavua aproni na mabuti, ananawa harufu ya samaki, ananyonyesha, anarudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Mzani ulizihesabu saa hizo kuwa uzembe. Jumatatu kadi yake ikakataa getini. Nikamwuliza msimamizi ni nani aliyeamua.

"Mfumo umemtoa," akasema.

Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo, kwa sababu mfumo huwezi kuuita ofisini ukauhoji. Mwaka 2019, Shirika la Kazi Duniani lilipotimiza miaka 100, tume yake ya mustakabali wa kazi, chini ya Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini na Stefan Löfven wa Uswidi, ilitaka maamuzi ya mwisho yanayogusa kazi yafanywe na binadamu. Kila nikiyasoma maneno hayo naliona geti letu.

Nilikwenda kwa meneja na kauntabuku zangu za zamani, nikamfungulia kilo za yule dada ukurasa kwa ukurasa. Alirudishwa baada ya siku tisa. Siku hizo hakulipwa, na bado namdaia.

Sasa hatolewi mtu kabla hatujamkalisha na kumwuliza mwenyewe. Dakika tano tu. Fundi wa programu ameahidi kisanduku cha sababu chenye machaguo sita. Nimemwomba aache na nafasi ya kuandika.

Jana mama mmoja alishuka kilo kumi.

"Andika nimefiwa na kaka," akaniambia. "Ila nimekuja."

Nikaandika yote mawili.