Mita Chache Kabla ya Maegesho

Sehemu ya safari niliyokuwa nikiiogopa ni kutua, na tulitua salama. Nilikuwa nimekaa kando ya rubani katika ndege ndogo ya injini moja na viti sita, ya aina ambayo magurudumu yake hukunjwa tumboni ikiwa angani. Kabla ya kutua nilimwona akigusa kwa kidole taa tatu za kijani, moja baada ya nyingine, kuhakikisha kwamba miguu yote mitatu ya ndege imeshuka na kujifunga. Zote zilikuwa zinawaka.

Tulipoiacha njia ya kurukia na kuelekea maegesho, mwendo wetu haukuzidi wa mtu anayetembea kwa haraka, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifungo cha mkanda. Gurudumu la mbele lilipita juu ya kiraka cha lami kilichoinuka kidogo. Ghafla pua ya ndege ikainama, pangaboi likaigonga lami mara kadhaa kwa mlio wa kutisha, na injini ikazimika kwa mshtuko ulionirusha mbele hadi mkanda ukanibana kifuani. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa nimeufungua.

Rubani hakupaza sauti. Alikata mafuta, akazima magneto zinazoipa injini cheche, akauarifu mnara kwa maneno machache, kisha akazima umeme wote. "Shukeni, mwelekee mkiani," alituambia, "asipite mtu mbele." Tulisimama mbali, upande unakotoka upepo, huku mama mmoja akitetemeka na kuushika mkono wangu.

Kwenye lami kulikuwa na mikato mifupi iliyopangana kama vipandio vya ngazi, na ncha za pangaboi zilikuwa zimepinda. Fundi alitueleza kwamba injini hiyo ni lazima ifunguliwe yote, hata kama ingewaka vizuri, kwa sababu pigo la namna hiyo huweza kuupasua mhimili unaozungushwa na pistoni, na ufa usionekane kwa nje.

Walipoinua pua kwa jeki, mguu wa mbele ulining'inia. Fundi alionyesha tegemeo ambalo, likinyooka kabisa, hujifunga na kuuzuia mguu usikunjike. Kisha akaligusa kwa kidole kimoja, nalo likakunjika bila ukinzani wowote, mbele ya rubani aliyekuwa amechuchumaa akilitazama kimya.