Podikasti ya maafisa elimu kata: jinsi nilivyotatua tatizo la bando

Podikasti hii ni ya maafisa elimu kata wanaofuatilia MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), wapeane mbinu za kumshauri mwalimu baada ya kumtazama akifundisha. Vipindi viliwafikia ila havikufunguliwa: vilikula bando. Kuvifupisha kulikata maongezi yakiwa yamenoga; kutuma kiungo nako hakukusaidia.

Kilichofanya kazi: kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, unapotoa faili la MP3, chagua mono badala ya stereo, kisha shusha kbps (kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti) kutoka 128 hadi 32. Dakika 20 zilizokuwa MB 19 zinabaki chini ya 5. Maneno bado yanasikika vizuri. Muziki wa kufungulia ndio unaokwaruza, uondoe kabisa. Tuma faili lenyewe WhatsApp.

Sasa wenzangu wananijibu kwa sauti, na kipindi kinachofuata naanza na majibu yao.