Nilivyopata hesabu ya vioo vya kuzuia moto

Jamani hii kitu ilinitesa wiki nzima. Jengo la ghorofa 6, mi nachukua eneo la vioo vyote naongeza asilimia 10 ya kuvunjika, bei inatoka ya kutisha mpaka bosi akauliza kwani tunajenga ikulu. Kumbe sio vioo vyote vinatakiwa viwe vya kuzuia moto! Nikachukua ramani ya usalama wa moto nikakoleza kwa kalamu nyekundu kuta za ngazi tu, maana ndo zilizoandikiwa dakika 60, yaani zihimili moto kwa muda huo. Kila ghorofa milango 2 yenye kidirisha cha mita 0.2 kwa 0.9, plus paneli moja ya 1.2 kwa 2.1, jumla kwa ghorofa zote 6 mita za mraba 17.28. Ile asilimia nikaitupa, vioo vyetu havikatwi saiti, vinakuja na saizi zake toka kiwandani, nikaagiza vipande viwili vya akiba basi.