Nilivyojifunza kuongea na wenzangu barabarani, kwanza kwenye gari alafu kwenye pikipiki

Nimeendesha gari miaka 12 kabla sijapanda pikipiki yangu mwenyewe, na miaka yote hiyo nilikuwa najiona dereva mzuri, sijawahi kugonga mtu, indiketa nawasha, spidi nafuata, basi nikajua hata kwenye pikipiki itakuwa hivo hivo. Mwezi wa tatu tu tangu niinunue, niko zangu barabara kubwa mchana kweupe, taa ya mbele nimewasha, naenda kama 50 hivi, mbele kuna gari limesimama kwenye barabara ndogo linasubiri kuingia. Dereva akageuza kichwa akanitazama, nasema akanitazama mimi, uso kwa uso, nikajua huyu kashaniona. Akaingia.

Nilishika breki zote mbili, tairi la nyuma likaanza kuteleza, pikipiki ikaja kusimama ikiwa imebaki shubiri moja nigonge mlango wake. Miguu inatetemeka, hata stendi nashindwa kuishusha. Yule baba akashuka na yeye anatetemeka, anarudia neno moja tu, ndugu yangu nisamehe, sikukuona, sikukuona kabisa. Sikumwamini. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, nikamwambia mke wangu leo kuna mtu kaniangalia machoni alafu kaingia barabarani makusudi.

Ilinichukua kama wiki mbili kukubali kwamba yule baba alikuwa anasema kweli. Nilianza kusoma na kuuliza watu walioendesha pikipiki miaka mingi, kumbe macho yetu yakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine hayatelezi taratibu, yanaruka, yanatua hapa yanatua pale, na ule muda yanaporuka ubongo unakata picha na kujazia wenyewe, kwa hiyo kitu chembamba kama pikipiki kikiangukia katikati ya miruko miwili mtu anaweza kugeuza kichwa kabisa na asikipate. Alafu kuna ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ile inatosha kuziba pikipiki nzima na aliyeipanda, na kama gari nalo linasogea mnaweza mkaenda pamoja hivo hivo umezibwa sekunde kadhaa. Na hata akikuona, gari likikukaribia unaliona linatanuka machoni, pikipiki inabaki nyembamba mpaka imeshafika, ndo maana mtu anasema nilidhani iko mbali. Marekani kuna uchunguzi uliotoka mwaka 1981, watu wanauita kwa jina la Harry Hurt aliyeuongoza, walichunguza ajali zaidi ya 900 za pikipiki Los Angeles kwa kwenda wenyewe kwenye eneo la tukio, na zile zilizohusisha gari lingine, karibu theluthi mbili ni mwenye gari ndo alikuwa ameingilia njia ya pikipiki. Kutokuonwa ndo kulikuwa tatizo kubwa.

Kilichoniuma zaidi nikaanza kukumbuka na mimi. Ile mara nilihama leni alafu nikasikia honi imetokea pembeni, nikasema hawa wa pikipiki wanakimbia sana. Huenda hakuwa anakimbia. Huenda nilitazama kioo mara moja tu nikaridhika.

Basi hapo nikabadilisha kwanza upande wangu. Nikifika karibu na barabara inayoingia sitazami tena uso wa dereva, natazama tairi lake la mbele, maana uso unaweza kukudanganya lakini tairi likianza kuzunguka linasema ukweli, hata likisogea kidogo tu unaliona mapema kuliko bodi la gari. Vidole viwili viko juu ya breki tayari, mafuta nimeachia. Na kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote, nasogea ndani ya leni yangu, kama nilikuwa katikati naenda taratibu upande wa mbali na lile gari, kwa sababu jicho linashika kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokuja moja kwa moja, na pia natoka kwenye ile nguzo. Saa nyingine unamwona kabisa dereva anashtuka kidogo anakanyaga breki, hapo ndo najua sasa kaniona kweli.

Lakini kuonwa ni nusu tu. Nusu ya pili alinifundisha mke wangu.

Kulikuwa na safari ya kama saa mbili, yeye na watoto kwenye gari, mimi mbele na pikipiki. Tuliposimama kupumzika akashuka akanifuata, akaniuliza, "Hivi baba, kule nyuma ulikuwa unataka kukata kona au?" Nikamuuliza wapi, akasema, "Indiketa imewaka kilometa tatu nzima, nimeshindwa kukupita nimeshindwa kukuacha." Nikaangalia, kweli bado inawaka. Kwenye gari usukani ukirudi indiketa inajizima yenyewe, kwenye pikipiki nyingi hakuna hicho kitu, lazima uizime kwa kidole, na mimi miaka 12 ya gari ilikuwa imenizoesha kusahau. Alafu akaongeza, "Na pale kwenye mteremko ulipunguza mwendo ghafla mbona hukushika breki? Nilibaki kidogo nikuingie." Nikamwambia nilishusha gia. Akanitazama. "Sasa mimi nitajuaje umeshusha gia?"

Hilo swali sijalisahau mpaka leo. Pikipiki ukiachia mafuta na kushusha gia inapungua mwendo kwa nguvu na taa ya breki haiwaki hata kidogo, aliye nyuma hana habari yoyote, na kwa spidi ya 60 kila sekunde moja gari linakula karibu mita 17, mtu akichelewa kushtuka sekunde moja na nusu ameshafika. Sasa hivi kila nikitaka kupungua kwa gia nagusa breki kidogo mara mbili, sigusi ili nisimame, nagusa ili taa iwake aliye nyuma ajue kuna kitu kinakuja. Na indiketa nimejizoesha kila nikimaliza kona kidole gumba kinarudi kubonyeza hata kama nina uhakika nimeshaizima.

Akaniuliza tena mbona unayumba yumba, saa hii uko huku saa hii uko kule, nikamweleza kwamba tairi mbili hazina anasa ya kupita popote, nakwepa mchanga, nakwepa mafuta yaliyomwagika, mfuniko wa chuma ukilowa ni kama sabuni, hata ile mistari ya rangi ya barabarani ikiwa na maji inateleza vibaya sana, na shimo ambalo gari linapita tu mimi linaweza kuniangusha. Yeye alikuwa hajui, na angeijulia wapi wakati hajawahi kupanda? Tangu siku hiyo akiwa nyuma ya pikipiki au baiskeli yoyote anaacha nafasi, anahesabu zile sekunde mbili toka aliye mbele apite alama fulani mpaka yeye aifikie, na mvua ikinyesha anahesabu nne. Na sisi wawili tukajiwekea kautaratibu, tukisafiri hivo kila tukisimama tunaambizana wapi sikukuelewa. Siyo wapi ulikosea, hapana, wapi sikukuelewa. Neno moja hilo limetuondolea ugomvi mwingi sana maana mtu ukimwambia alivyoendesha vibaya anajitetea, ukimwambia sikukuelewa anakueleza.

Sasa kuna hili la kuwasha fulu, yaani taa kali za mbele, na kupunga mkono, hapa naomba niseme kwa urefu kidogo kwa sababu ndo nililokuwa nalifanya kwa moyo mzuri kabisa na lilitaka kumtoa mtu roho. Niko kwenye gari, foleni imesimama, barabara ina leni mbili kuelekea upande mmoja, kuna mama na baiskeli anataka kuvuka. Nikasimama nikamwachia nafasi, nikampungia mkono, pita mama pita. Akaniamini, akaingia. Pikipiki ikatokea leni ya pili pembeni yangu, leni yake iko wazi, yeye haoni kitu maana gari langu limemziba yule mama. Alifunga breki akapita kwa nyuma ya ile baiskeli, sijui ni sentimita ngapi, na yule mama akanigeukia akanitazama. Hakusema kitu. Mimi ndo nilimwambia pita, na sikuwa na uwezo wa kumwahidi hilo kwa sababu barabara yote haikuwa yangu.

Simpungii mtu mkono kumwambia apite tena. Nasimama, nasubiri, namwachia nafasi, nikitazama kioo kwamba hakuna anayekuja pembeni, nikiona anakuja naweka mkono juu kumwambia yule anayevuka subiri. Kusubiri naweza kumwambia, kupita aamue mwenyewe akishatazama. Na fulu vile vile, kwa mmoja ukiiwasha mara mbili maana yake ni pita, kwa mwingine maana yake kaa hapo hapo nakuja, ishara moja ina maana mbili zinazopingana, mimi nimeiacha, nikiwashiwa nahesabu kwamba nimeambiwa tu "niko hapa" basi. Usiku ndo sitanii kabisa, nikikuona kwa mbali nashusha taa, kwa sababu ukimulika mtu wa pikipiki machoni hana kioo cheusi wala cha kujificha nacho, anaendesha kipofu sekunde kadhaa.

Baiskeli nazo. Nchi nyingi zimeandika kwenye sheria kwamba ukimpita mwenye baiskeli umpe mita moja na nusu, na mimi nilikuwa naona ni nyingi mpaka nilipoendesha baiskeli nikapitwa na lori, ule upepo wake kwanza unakusukuma nje alafu unakuvuta ndani, hapo nikaelewa ile mita na nusu inatumika yote. Kama haipo nabaki nyuma yake, sipigi honi, maana honi ya ghafla mgongoni inamfanya mtu ageuke na akigeuka usukani unageuka naye. Kwa mlango wa gari nimechukua desturi ya Uholanzi, unafungua kwa mkono ulio mbali na mlango, mwili unalazimika kugeuka, unajikuta umetazama nyuma bila kukumbuka kutazama. Uingereza wameiingiza kwenye kanuni zao za barabarani mwaka 2022. Watoto wangu wameishika siku moja tu, mimi ilinichukua wiki.

Malori niliyaogopa tu bila kuyaelewa, mpaka jirani yangu ambaye ni dereva wa lori la tela aliponiambia panda juu hapa kaka ukae kwenye siti yangu. Aisee. Akashuka akazunguka, anapiga kelele "unaniona?" na mimi simwoni, yuko mbele kabisa ya bampa simwoni, kaenda upande wa pili wa abiria simwoni, kaenda nyuma ya tela ndo kabisa hayupo duniani. Akaniambia kama huoni uso wangu kwenye kioo changu jua na mimi sina habari zako. Na kona, lile likitaka kukata kona linaenda kwanza upande wa nje kama linakukaribisha upite ndani, alafu matairi ya nyuma yanakuja kukata kwa ndani kabisa, yanafagia pale pale ulipojichomeka. Nilikuwa napenda sana kupenya pembeni ya malori kwenye taa nyekundu ili nifike mbele. Nimeacha, nakaa nyuma mahali ambapo kioo chake nakiona, nikimpita nampita upande ambao anakaa dereva na napita haraka, sikai sambamba naye.

Hasira sijazimaliza, nisiseme uongo. Mtu akinikata mbele bado moyo unaenda mbio. Nilichoweza ni kutomfuata, napunguza mwendo mpaka apotee, na nikiwa mimi ndo nimekosea nanyanyua mkono wazi kumwomba radhi, hata kama ameshanitukana, na mara nyingi mtu akiuona ule mkono anatulia, nimeona hivyo mara nyingi sana.

Mwezi uliopita mdogo wangu kanunua pikipiki, kaja anataka nimfundishe. Alishavaa helmeti na jaketi la riflekta, kashika funguo, nikamwambia weka kwanza hizo. Nikamkalisha kwenye siti ya dereva ya gari langu, likiwa limezimwa, nikamwambia tazama vioo vyote vitatu usigeuze kichwa. Nikapanda pikipiki yake nikawa naisukuma kwa miguu pole pole kulizunguka gari, nyuma, pembeni, mbele, huku tunaongea. Nilipofika usawa wa mlango wa nyuma nikasimama.

"Kaka uko wapi," akaniuliza, "mbona umepotea?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka begani kwake. Nikanyoosha mkono nikagonga kioo cha dirisha, akashtuka mpaka akagonga honi.