Yakobo 1:22 na gunia la viazi

Ninanunua viazi mviringo kwa wakulima wa vijiji vya Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam. Anayeijua biashara hii anaijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa rundo lingine juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini nilipoingia kwenye kazi hii nilikuta lumbesa ndiyo kipimo, na mkulima anayebisha anaambiwa lori litaenda kwa jirani.

Kanisani andiko hili tunalisikia sana: “Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu.” Kilichonisaidia ni kujiuliza linagusa wapi kwenye kazi yangu mimi. Kumbukumbu la Torati 25 ikanijibu bila kupindisha: usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kubeba lumbesa na kumlipa mkulima gunia moja, hayo ndiyo mawe mawili. Hapo sikuhitaji mchungaji anifafanulie.

Nilianza na hesabu (maombi yalifuata, baada ya kuiona hesabu yenyewe). Maana lumbesa haitokani na tamaa peke yake. Nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, wapakiaji wanalipwa kwa gunia, kwa hiyo kilo zote zinazoshindiliwa juu zinasafiri bure. Ukifunga gunia halali, gharama ya kila kilo inapanda. Nikakaa na mke wangu tukaangalia faida itashuka kiasi gani na nyumbani tutapunguza nini. Utii usiopigiwa hesabu, kwa maoni yangu, unaishia safari ya kwanza.

Kisha nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaipeleka Wakala wa Vipimo ikakaguliwa na kuwekewa alama. Nilitegemea kupokewa kwa shangwe. Wapi! Wakulima wamewahi kuibiwa kwa mizani pia. Bibi mmoja aliijibu salamu yangu ya “kamwene”, akaitazama ile mizani, akasema, “Mwanangu, gunia nalijua kwa macho. Hiki chuma chako nakijuaje?”

Swali la haki kabisa. Nikamwomba atoe mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, wa kwake mwenyewe. Tukautundika, mshale ukasimama kwenye 50. Akaamuru utundikwe tena, safari hii mjukuu wake ndiye asome. Tangu hapo ndio utaratibu wangu kila kijiji: mfuko wa mwenyeji unapimwa kwanza, na namba inasomwa na mtu wa kwao.

Kazi ngumu ilikuwa mjini. Wanunuzi wa jumla wanataka lumbesa kwa sababu wao nao wanauza rejareja kwa sado (kindoo cha kupimia), na zile kilo za juu ndiyo faida yao. Baadhi waliniacha, sikuwalaumu. Nikawafuata wauza chipsi, ambao shida yao kubwa ni viazi vidogo vinavyowapotezea muda kumenya. Nikaanza kuchambua shambani: vikubwa gunia lake, vya kati gunia lake. Bei ya vikubwa ikafidia sehemu ya nauli. Si yote. Bado napata pungufu kwa gunia kuliko wenzangu, na anayekuambia uaminifu unalipa papo hapo hajawahi kukodi lori.

Lililobaki ni masika. Viazi vinatoka na tope, na tope nalo lina kilo. Hapo jiwe bovu linahamia upande wa mkulima. Tumekubaliana vianikwe, vipanguswe, ndipo vipimwe. Mvua ikinyesha siku nzima, sinunui.