Mapenzi ya Mungu Si ya Msibani Peke Yake

Katika makanisa yetu maneno "mapenzi ya Mungu" husikika msibani kuliko mahali pengine popote. Mtoto amefariki, gari limepinduka, mgonjwa aliyeombewa hakupona, na mzee wa kanisa anasimama kando ya kaburi na kutuambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, nasi tunainamisha vichwa. Siwalaumu wanaosema hivyo, kwa maana mwenye uchungu huhitaji kujua kwamba Mungu hajamwacha. Lakini mazoea hayo yametufanya tuyaone mapenzi yake kuwa jambo linalotupata tu, tena jambo zito, ambalo kazi yetu mbele yake ni kuvumilia. Bwana Yesu alipotufundisha kuomba "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni," hakutupa ombi la makaburini. Mbinguni mapenzi ya Mungu hutendwa, na wanaoyatenda huyafurahia. Ombi letu ni kwamba nasi tuyatende hapa kwa moyo kama huo.

Yeye mwenyewe alituonyesha moyo huo akiwa karibu na mji wa Sikari, huko Samaria, alipoketi kwenye kisima cha Yakobo yapata saa sita, amechoka kwa safari, na wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula. Waliporudi walimkuta akizungumza na mwanamke ambaye kwa desturi za Wayahudi wa siku zile hakupaswa hata kumwomba maji. Walimsihi ale, naye akawajibu kwamba anacho chakula wasichokijua, wakaanza kuulizana kama kuna mtu aliyemletea. Ndipo akasema, "Chakula changu ndicho hiki, niyatende mapenzi yake aliyenipeleka, nikaimalize kazi yake." Hakusema kwamba akimtii Baba atapewa chakula baadaye. Alisema kwamba kutii kwenyewe ndiko kulikomshibisha, na alisema hivyo watu wa Sikari wakiwa bado njiani, kabla hawajafika kisimani kumsikiliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya siku hizi, yanayotufundisha kwamba utii ni mtaji: toa, funga, tumika kanisani, kisha ungoje nyumba, kazi au safari ya ng'ambo. Mungu hubariki, na Maandiko yanasema hivyo bila kificho. Hata hivyo, mtu anayetii huku jicho lake likiwa kwenye malipo hawezi kuridhika, kwa sababu kila siku atahesabu alichotoa na alichopokea, na hesabu hiyo haitafungika kamwe. Yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu alikuwa mtii kweli. Alimtumikia baba yake miaka mingi wala hakukosa amri yake, na bado siku ya karamu alisimama nje amekasirika kwa sababu hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi. Baba hakubisha kwamba alitumika. Alimjibu, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Alikuwa ameishi nyumbani kwa baba yake kama kibarua anayengoja ujira, na furaha ya kuwa karibu na baba ikampita.

Vijana wa usharika wetu huniuliza mara kwa mara watayajuaje mapenzi ya Mungu, na karibu kila mara swali lao linahusu mambo yaliyofichika: nimwoe nani, nisome nini, nihamie mjini au nibaki. Wengine hufunga na kukesha wakingoja ndoto. Siwazuii kuomba, lakini huwaeleza kwamba sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu imekwisha kuandikwa. Paulo anawaambia Wathesalonike waziwazi kwamba ni mapenzi ya Mungu watakaswe, na kwamba ni mapenzi yake washukuru kwa kila jambo. Mika anataja kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu. Anayeyaacha haya yaliyo wazi ili atafute yaliyofichwa hujitwisha wasiwasi ambao Mungu hakumpa.

Kwangu mimi, mapenzi ya Mungu ya miaka hii ni kumuuguza mama. Alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza, niliacha kazi niliyoipenda Dar es Salaam na kurudi nyumbani Tukuyu. Sikuhitaji maono ili nijue la kufanya, kwani amri ya kumheshimu baba na mama naijua tangu darasa la kipaimara. Kazi yenyewe ni ile ile kila siku: kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumnyoosha vidole vya mkono uliopooza, kumnywesha uji taratibu asije akapaliwa, kuhakikisha dawa za presha hazijaisha. Mara nyingi ninachoka, na zipo asubuhi ninazoanza bila hamu yoyote. Lakini katikati ya kazi hiyo nimepata utulivu ambao sikuwa nao nilipokuwa na mshahara, utulivu wa mtu anayejua kwamba leo yuko mahali alipotumwa, hata kama hakuna atakayemsifu. Mtunga Zaburi ya 40 anasema kwamba kuyafanya mapenzi ya Mungu ndiyo furaha yake. Zamani niliusoma mstari huo kama maneno ya mtu aliyejaliwa tabia ya upole kuliko sisi wengine; sasa naamini kwamba aliyajua hayo kwa kuyatenda.

Kuridhika huku hakuondoi machozi. Gethsemane, Bwana wetu aliomba kikombe kiondolewe, na Mathayo anaandika kwamba aliomba maneno yale yale hadi mara ya tatu. Wala hakutufanyi tunyamazie uovu. Mama mjamzito akipoteza maisha kwa sababu zahanati haikuwa na dawa, tusiuite uzembe wa wanadamu mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu katika jambo hilo ni haki itendeke.

Mtume Paulo ndiye aliyenisaidia kuliko wote kuelewa jambo hili. Alikusudia kuhubiri Asia, akakatazwa na Roho. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena. Akaona usiku, huko Troa, mtu wa Makedonia akimwita. Alitii, akavuka bahari, na katika mji wa Filipi Lidia, mwuza rangi ya zambarau, akaufungua moyo wake na nyumba yake. Katika mji huo huo Paulo na Sila walichapwa bakora, wakatiwa gerezani na miguu yao ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu, kabla ya tetemeko lolote kufungua milango. Miaka kadhaa baadaye, akiwa amefungwa tena, aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, awe ameshiba au ana njaa, na kwamba anayaweza yote katika yeye amtiaye nguvu.

Wengi wetu huishia hapo. Mstari unaofuata unasema, "Walakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Paulo aliyeridhika aliipokea kwa shukrani zawadi aliyoileta Epafrodito, akaiita harufu ya manukato mbele za Mungu. Nasema hili kwa ajili ya sharika zetu, ambamo mtu anayebeba mzigo wake kwa uso wa furaha huachwa aubebe peke yake, tukidhani kwamba kwa kuwa ameridhika hahitaji kitu. Akina mama wa jumuiya yetu hawakufikiri hivyo. Hupokezana kuja kukaa na mama kila Alhamisi mchana, wakamwimbia, wakamlisha, nami nikapata saa chache za kwenda sokoni na kulala.